Kioo Pembeni mwa Daftari

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Baba hajambo, ila masikio ni yaleyale. Jana nilimwambia mara tatu chakula kiko tayari, mara ya nne akaniuliza kwa nini namfokea. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa roho nimeungua.

Unajua Mei kuna mtihani wa daraja la pili. Unajua pia, maana nilikuandikia, kwamba hospitali inaleta boila mpya mwezi wa Julai, na amri imetoka kwamba asiye na daraja la pili hataigusa. Sisi wa daraja la tatu tutapelekwa chumba cha kufulia, kukunja mashuka. Miaka mitatu nimekaa mbele ya moto nikiyapelekea mashuka hayo mvuke, leo nikayakunje.

Fomu ya mtihani inataka saa elfu sita za kazi, boila ikiwa na presha, zithibitishwe na mkuu wa boila. Nikakaa na kalenda: zamu ya mchana, siku ishirini na sita kwa mwezi, saa nane kwa siku, likizo zangu na siku nilizougua nimezitoa. Nikapata saa 6,864. Nilimpelekea Mkuu ile fomu nikiwa nimevaa ovaroli safi, na nilikuwa nimeipiga pasi.

Amenirudishia leo. Ameandika 624.

Nilidhani kalamu imeteleza. Nikamfuata ofisini, akafungua daftari la zamu, akanionyesha kwa kidole. Upande wa kushoto, palipoandikwa mwenye zamu, kuna jina na sahihi ya Bwana Chai, mwenzangu wa zamu, ukurasa baada ya ukurasa. Palipoandikwa msaidizi ni patupu. "Mimi nathibitisha ninachokiona," akasema. "Daftari linasema zamu hii ilikuwa na mtu mmoja." Zile 624 ni za miezi ambayo Bwana Chai alikwenda likizo, mmoja kila mwaka, nikaachiwa zamu peke yangu.

Na nani aliagiza nafasi ya msaidizi iachwe tupu? Ni Mkuu huyohuyo. "Zamu moja, sahihi moja," alituambia, eti wakaguzi hawapendi kurasa zilizochafuka.

Bwana Chai hujamwona, acha nikuonyeshe. Ana daraja la pili. Anaingia, anasaini, anafungua chupa yake ya chai, anavuta kiti mpaka kwenye ukuta wenye joto, basi. Kuandika vipimo kila saa ni mimi. Kusikiliza pampu ni mimi. Kuosha kioo cha maji ni mimi, kile ambacho Baba alikuwa akisema ndilo jicho pekee la boila, na maji yakishuka usiyaone tena kwenye kioo, usiulize, kimbia. Na Bwana Chai si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Anakula jasho langu huku akinimiminia kikombe.

Sasa sikia. Nyuma ya fomu, kanuni ya tisa, inasema mkuu akikataa, saa zinaweza kuthibitishwa na mwenye daraja la kwanza aliyewahi kufanya kazi katika chumba hichohicho cha boila na anayeutambua mkono wa mwombaji. Ni nani huyo kama si wewe? Ulifanya kazi humu na Baba miaka minne. Vipimo vyote ni mwandiko wangu, na pembeni ya kila kipimo nimechora kioo kama Baba alivyonifundisha pale mezani: mistari miwili ya kusimama, na kamstari ka maji pale maji yalipo kweli. "Usiandike ulichoambiwa, chora ulichokiona." Hakuna mwingine humu mwenye tabia hiyo.

Andika barua moja tu, Kaka. Fomu zinafungwa tarehe 30 Aprili.

Siafu wako


15 Machi

Mdogo wangu Siafu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa bado nimesimama mlangoni. Pole sana. Jina la Siafu hukupewa bure, na naona meno bado yapo.

Lakini pokea ushauri wa mtu aliyetangulia. Ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Mkuu wenu nadhani ni mtu anayependa kuheshimiwa. Mfuate asubuhi kabla hajachoka, zungumza naye kwa upole, mwombe akupe hata saa elfu mbili mwaka huu, mwakani elfu mbili nyingine. Mtihani hauhami. Na kufulia si jela. Subira yavuta heri.

Kuhusu barua ya kuthibitisha, jambo hilo si jepesi kama unavyodhani. Huku kiwandani wananifikiria niwe mkuu wa mitambo yote, ya umeme na ya mvuke, na wiki hizi jalada langu liko mezani kwa wakubwa. Barua ya ndugu kwa ndugu ikifika ofisi ya mitihani, watauliza maswali, na swali moja huzaa jingine. Nikishakaa kwenye kile kiti nitakuwa na nguvu ya kukusaidia zaidi.

Halafu, vile vioo vya kuchora usivitaje kwa watu. Wataona ni utoto. Wala usijisumbue kufukua madaftari ya zamani, humo ni vumbi tupu. Nakutumia kitabu changu cha daraja la pili. Sura ya saba, ya maji ya kulishia boila, ndiyo wanayoipenda watunga mitihani.

Msalimie Baba. Haya mambo usimweleze, mzee wa watu apumzike.

Kaka yako


24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kitabu nimekipata. Sura ya saba nimeimaliza, na maswali ya nyuma nimeyapata yote isipokuwa mawili, na hayo mawili nadhani ni kitabu kilichokosea. Sasa nina kitabu na akili ninayo. Saa ndizo sina.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nilikwenda asubuhi, nikaweka sauti ya upole, mikono nikaikunja nyuma. Mkuu akaniambia, "Binti, mwandiko si sahihi. Karani huandika barua ya mkurugenzi, je, na yeye anakuwa mkurugenzi?" Watu wawili waliokuwepo walicheka. Mmoja alikuwa Bwana Chai.

Nikafungua kurasa za tarehe 11 na 12 Februari. Siku hizo mbili nilikuwa nyumbani na homa, kwa hiyo zimeandikwa na mkono wa Bwana Chai mwenyewe. Presha: saba kamili, saba kamili, saba kamili, mara kumi na sita. Maji: nusu, mara kumi na sita. Hakuna boila duniani iliyowahi kutulia hivyo, labda iliyozimwa. Alikuwa ananakili mstari wa juu. Niliporudi tarehe 13 nilikuta maji yako robo, na chujio la pampu limeziba. Kidogo tu tungerushwa na paa, sisi na wagonjwa. Mkuu akafunga daftari akaniambia nisimchafulie mtu jina.

Na wewe unaniambia kufulia si jela. Jela angalau mtu huhesabiwa siku zake.

Kaka, nakuheshimu, lakini subira yako imenichosha. Miaka mitatu ni subira au ni nini? Unasubiri kiti chako huko, mimi huku nanyang'anywa kigoda. Unasema maswali huzaa maswali. Na yazae. Mimi sina ninachoficha.

Tena hata sikuelewa kwa nini nisiguse madaftari ya zamani. Yako kwenye rafu nyuma ya pampu mbovu, miaka ishirini na zaidi. Nataka kumwonyesha Mkuu kwamba zamani nafasi ya msaidizi ilikuwa ikijazwa. Jumamosi nitapewa ufunguo.

Baba sijamwambia. Ila juzi aliniuliza kwa nini siku hizi naosha vyombo kama napigana.

Siafu


26 Machi

Kwa Karani wa Ofisi ya Mitihani ya Wahandisi wa Mvuke na Umeme,

Mimi ni mwendesha boila wa daraja la tatu katika hospitali, ninayeomba mtihani wa daraja la pili. Nimefanya kazi saa 6,864. Mkuu wangu amethibitisha 624, kwa kuwa daftari la zamu lina sahihi ya mtu mwingine.

Swali langu ni moja. Kanuni ya tisa inataja "mkono wa mwombaji". Pembeni ya kila kipimo nilichochukua kuna mchoro mdogo wa kioo cha maji, wenye mstari pale maji yalipokuwa. Zamu nisizokuwepo, kama zile za tarehe 11 na 12 Februari zenye vipimo vya kunakiliwa, hazina mchoro huo. Je, mchoro unahesabika kuwa mkono? Nimeuchora hapa chini muuone; jina langu kamili na la hospitali nimeyaandika nyuma ya bahasha.

Naomba nijibiwe mapema, maana tarehe ya mwisho inanikimbilia. Kama jibu ni hapana, nielezwe basi anayefanya kazi katika boila ni anayeitazama au anayeisaini.

Mwendesha boila, zamu ya mchana


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo leo nimeiweka akiba.

Jumamosi nilikaa sakafuni nyuma ya pampu mbovu, nikafungua daftari la miaka kumi na tisa iliyopita. Nafasi ya msaidizi ni tupu hata huko. Nilikuwa tayari nalirudisha kwenye rafu, ndipo nikaviona.

Vioo. Vidogo, pembeni, kila saa kimoja. Mstari wa kushoto mrefu kidogo kuliko wa kulia, kama Baba anavyochora mpaka leo kwenye karatasi za dawa zake akikumbuka kazi. Maji nusu. Maji robo tatu. Pengine kamstari kamekwaruzwa kakachorwa upya juu kidogo, maana alirudi kuangalia mara ya pili. Mkono usioweza kuandika neno "robo", lakini robo yenyewe unaiona.

Na upande wa kushoto, mwenye zamu, ni jina lako. Sahihi yako, na ule mkia wake unaozunguka. Ni miaka minne, madaftari kumi na moja. Nimeyafungua yote. Nilitegemea nikute hata moja ambalo halina, sikulikuta.

Wewe ulikuwa umekaa wapi, Kaka? Kwenye ukuta wenye joto?

Baba amefanya kazi katika chumba kile miaka thelathini na moja, akastaafu akiitwa kibarua. Siku ya mwisho walimpa mkono na tochi. Wewe una cheti cha daraja la kwanza ukutani, na fremu ya cheti hicho aliitengeneza Baba. Nilimshikia misumari.

Kumbe ndiyo sababu vioo ni utoto, na madaftari ni vumbi. Mimi namlaani Bwana Chai kila siku, kumbe Bwana Chai wa kwanza nilikuwa nampa shikamoo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Niambie nimekosea. Nakuomba, niambie nimekosea.

Siafu


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nani amekufundisha kusoma hukumu kabla mtu hajajitetea?

Sikiliza. Nilipotoka chuoni nilikuwa na daraja la pili, na sheria ilitaka mwenye cheti ndiye asaini. Baba hakuwa na cheti. Ningefanya nini, niache ukurasa mtupu? Baba mwenyewe aliniambia nisaini. Maneno yake nayakumbuka: "Saini, mwanangu. Mmoja wetu apande." Mimi nilikuwa mezani nasoma, yeye alikuwa kwenye boila, ili nipate nafasi ya kusoma. Ndivyo tulivyopatana, mtu na baba yake. Wewe ulikuwa mtoto, unaingilia mapatano ambayo hukuwepo.

Na daraja hilo limemla nani? Ndilo lililokusomesha chuo. Bati la nyumba mnayolala limetokana nalo. Sisemi haya kukusimanga, nasema uone kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Baba hakuwahi kutaka cheti. Mtu asiyeweza kuandika "robo", umesema mwenyewe, angefanya mtihani gani?

Nimekaa na fomu yako wiki nzima. Siwezi, Siafu. Nikiandika kwamba natambua kile kioo, wataniuliza nilikijulia wapi. Baada ya hapo hakutakuwa na kiti cha ukuu, na huenda hata nilicho nacho kikaondoka. Nina watoto.

Fanya mtihani mwakani. Nitakusaidia kwa njia nyingine yoyote. Naapa.

Kaka yako


14 Aprili

Kwa Mwendesha Boila, zamu ya mchana,

Barua yako ya tarehe 26 Machi imepokelewa.

Alama inayojirudia huweza kukubaliwa kuwa mkono wa mwombaji, ikiwa mtu mwenye sifa zilizotajwa katika kanuni ya tisa ataithibitisha kwa maandishi baada ya kukagua madaftari kwa macho yake.

Kabla ya kukujibu nilipekua jalada la chumba chenu cha boila. Swali lako si geni katika ofisi hii. Miaka kumi na mitano iliyopita, mwombaji mwenye jina la ukoo kama lako aliomba mtihani wa daraja la tatu kwa njia ya mdomo, ambayo kanuni inawaruhusu wasioweza kuandika vizuri. Alieleza alama hiyohiyo, na akaichora kwenye fomu mara tatu. Ofisi ilimwandikia mwenye zamu athibitishe, na nakala ikapelekwa kwa mwombaji. Mwenye zamu alikumbushwa mara mbili. Hakujibu. Ombi lilifungwa.

Nakala ya fomu hiyo naiambatisha, kwa kuwa huenda ikakufaa.

Si kazi yangu kutoa maoni. Tarehe ya mwisho inabaki 30 Aprili.

Karani wa Mitihani


19 Aprili

Kaka,

Umesema Baba hakuwahi kutaka cheti. Humu ndani kuna nakala ya fomu yake. Tazama vile vioo vitatu, kisha urudie kusema.

Mtihani wa mdomo, Kaka. Hawakumtaka aandike "robo". Walitaka aitamke tu, na Baba angewasomesha wao. Kilichokosekana ni mstari mmoja kutoka kwako.

Nilimwekea fomu ile mezani. Uliniambia nisimsumbue, usumbufu ulishamkuta zamani, mimi nimechelewa tu. Akaivuta karibu, akavaa miwani, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Hiki cha tatu nilikiharibu, mstari wa kushoto umepinda." Kisha akaniuliza kama sukari bado ipo. Jina lako hakulitaja.

Sasa nimekumbuka jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote bila kulijua. Nilikuwa nafanya hesabu za shule palepale mezani. Mnaingia kutoka kazini, Baba ananawa, anakuuliza, "Barua haijaja?" Na wewe unasema, "Posta, Baba. Posta ndiyo imelala." Siku nyingi, Kaka, miezi. Mimi nilidhani anasubiri barua ya shangazi.

Ilikuwa imekuja. Zilikuja tatu. Ulikula naye sahani moja, na barua zake ziko kwenye begi lako.

Bwana Chai alininyang'anya saa bila kujua hata jina langu la pili. Sina tena nguvu ya kumchukia, amekuwa mdogo. Hasira yote imehamia kwako, na ni nyingi mpaka inaniogopesha. Kitabu chako nakirudisha kwa posta hii. Maswali yale mawili nimeyasahihisha pembeni.

Zimebaki siku kumi na moja. Sikuombi chochote.

Siafu


24 Aprili

Kwa Karani wa Ofisi ya Mitihani. Nakala kwa mwombaji.

Mimi ni mhandisi wa mvuke wa daraja la kwanza. Tarehe 22 na 23 Aprili nilifika katika chumba cha boila cha hospitali, wakati wa zamu ya jioni, mwombaji akiwa hayupo, nikakagua madaftari ya miaka mitatu. Nathibitisha kwamba alama ya kioo imo katika kila saa ya zamu zote anazozidai, na haimo katika zamu nyingine yoyote. Hesabu yangu imelingana na yake, saa 6,864. Mwombaji ni mdogo wangu wa tumbo moja, na nalisema hili ili lisije likasemwa na wengine.

Kanuni inataka nieleze naitambuaje alama hiyo. Naitambua kwa sababu niliiona kila saa kwa miaka minne, katika kurasa nilizozisaini mimi. Alama hizo zilikuwa za baba yangu. Yeye ndiye aliyeendesha boila. Mimi nilikuwa chumbani humo nikisoma. Saa hizo ndizo nilizofanyia mtihani wa daraja la kwanza.

Barua yenu ya miaka kumi na mitano iliyopita niliipata. Vikumbusho viwili pia nilivipata. Sikuvichana, sijui kwa nini. Vimekaa katika sanduku langu la vyeti muda wote huu, na navirudisha humu. Sikujibu kwa sababu saa hazigawanyiki. Ningempa yeye zake, zangu zingekwisha, na mtihani wangu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Nilijiambia nitajibu nikishapita. Nilipopita nikaona nimechelewa, na kila mwaka nikaona nimechelewa zaidi.

Kuhusu cheti changu, fanyeni kama kanuni inavyosema. Nimekitoa ukutani. Fremu nimebaki nayo, hiyo si mali ya ofisi.

Aliyekuwa mwenye zamu


29 Aprili

Kwa Mwendesha Boila, zamu ya mchana,

Saa zako 6,864 zimekubaliwa. Utafanya mtihani wa daraja la pili Jumamosi tarehe 17 Mei, saa tatu asubuhi, chumba namba nne. Njoo na kitambulisho na kalamu mbili.

Mkuu wa boila ameandikiwa kwamba kuanzia sasa nafasi ya msaidizi itajazwa kila zamu, na kwamba kurasa za tarehe 11 na 12 Februari zitakaguliwa. Cheti cha mthibitishaji wako kimeitwa ofisini.

Ombi lililofungwa kwa kukosa jibu linaweza kufunguliwa tena na mwombaji mwenyewe. Kanuni haina ukomo wa umri. Naambatisha fomu moja tupu, ikiwa nyumbani kuna anayeihitaji.

Karani wa Mitihani


8 Juni

Mwanangu,

Anayeandika ni mdogo wako, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze chumvi, na akimaliza atanisomea kwa sauti kubwa.

Kwanza, amepita. Ametoka na alama za juu, na Julai atasaini boila mpya kwa jina lake. Mkuu alimpa mkono mbele ya watu. Bwana Chai alimletea chupa ya chai nzima, na msichana huyu mkaidi akaipokea.

Pili, fomu yangu iko hapa mezani, tupu. Sitaijaza. Masikio yangu yamekwisha, na mtu asiyeisikia vali ya usalama ikipumua hana kazi na boila. Nikichukua cheti sasa nitakuwa mwongo, na waongo katika nyumba hii wanatosha.

Tatu, nimesikia wamekurudisha daraja la pili mpaka ukusanye saa zako mwenyewe, na kile kiti amekikalia mwingine. Mdogo wako alidhani nitafurahi. Sikufurahi. Fremu ile niliitengeneza mimi, nikijua nini kitakaa ndani yake. Nilikuambia usaini, na ulisaini. Saa zile nilikupa. Baba akimpa mwanawe kitu hakidai.

Lakini ile barua, mwanangu.

Nakala yangu nilikuwa nayo. Marehemu mama yenu alinisomea siku ileile ilipofika. Nilijua ya kwako imekuja. Kila jioni nilipokuuliza, barua haijaja, nilikuwa nakufungulia mlango uingie. Ningekuambia nini? Ungesema, "Baba, siwezi, nitaanguka," ningesema basi, yameisha, tule. Wewe ukasema posta imelala. Nikauliza tena kesho yake. Nimeuliza miezi mitano, kisha nikaona aibu kuuliza, aibu ya kwako nikaibeba mimi.

Cheti nilikisahau mwaka uleule. Nilichokuwa nangoja ni unijibu.

Mwezi wa nne ulikuja hapa mjini ukalala siku mbili nyumba ya wageni, hatua mia nne kutoka mlango huu. Mlinzi wa hospitali aliniambia. Ulikagua madaftari ya miaka mitatu, ukahesabu vioo nilivyomfundisha mdogo wako, ukaondoka. Uliijibu ofisi. Mimi hukunijibu.

Hii nayo ni barua. Najua imefika.

Baba yako